Nimempeleka mzee wangu kula samaki Jinja, hatua chache kutoka gati alilofanyia kazi. Bili: shilingi 215,940 za Uganda

#1 MtotoWaGati

Wadau salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye bili huko chini.

Mzee wangu alikuwa mfunga mabehewa kwenye gati la Jinja kuanzia 1967 mpaka 1990. Sisi tumekulia Walukuba, kwenye zile nyumba ndogondogo walizojengewa wafanyakazi zama za mkoloni. Uani kwetu baba huyu Mluo, yule Mluhya, yule Mteso wa Tororo, mwingine Msoga wa hapohapo, kwa hiyo watoto tulitukanana kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zikaja baadaye. Siku hizi naishi Kampala, na kila Jumatatu ofisini lazima kuna mtu aliyetoka Jinja "kupunga upepo". Anakuonyesha simu: sahani nyeupe, ngege (sato) mzima kalalia majani, nyuma yake ziwa Victoria. Mimi naitazama ile picha na kujisemea, hapo si ndipo baba alipokuwa akirudi na grisi mpaka masikioni?

Jumamosi iliyopita nikamchukua mzee, mimi na mke wangu. Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi. Tulipofika Namawojjolo, kabla ya msitu wa Mabira, vijana wakatuvamia dirishani na kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mzee akanyoosha mkono. Nikamwambia, baba tunaenda kula mahali pazuri, usijaze tumbo. Likumbukeni neno hilo.

Mahali penyewe ni pazuri kweli, sitawadanganya. Nyasi zimekatwa, miavuli, vitambaa vya meza vyeupe, kaloli wawili, wale ndege wakubwa wa majalalani, juu ya uzio wamesimama kama walinzi wasiolipwa. Tumeshuka garini, mzee hatazami ziwa wala menyu. Anatazama chini. Ananiambia, "Umeegesha juu ya njia namba mbili." Nikadhani uzee. Akaenda akapekua nyasi kwa fimbo, na kweli kipande cha chuma cha reli kilikuwa pale, kimezama nusu ardhini.

Tumekaa saa nzima na dakika ishirini kabla chakula hakijafika. Katika kungoja huko mzee akavuta trei ya mhudumu, akachukua vile vipakiti vya sukari akaanza kutufundisha kupakia meli. Trei ni sitaha, vipakiti ni mabehewa. Meli za zamani, Umoja na Uhuru, zilikuwa na reli ndani ya sitaha. Behewa linasukumwa kutoka gatini linaingia melini kwa magurudumu yake, mzigo haushushwi. Anasema kosa la mgeni ni kujaza upande mmoja. "Ukitia hapa, tia na pale. Ukisahau, meli inalala kama mlevi, na daraja la kuingilia linapinda." Kisha kila behewa linafungwa kwa minyororo, maana ziwa likichafuka usiku behewa moja likilegea linayapiga yote. Hiyo kufunga ndiyo ilikuwa kazi yake. Mke wangu, ambaye miaka tisa amemjua kama mzee anayesinzia mbele ya televisheni, aliacha simu.

Bili sasa. Ngege wawili wazima, 55,000 kila mmoja. Minofu ya sangara na sosi ya limau, 48,000. Maji matatu, 15,000. Chai ya tangawizi birika moja, 10,000. Jumla 183,000. Juu yake wakaweka kodi asilimia 18, ambayo menyu haikuitaja popote, ikawa 215,940. Jina la mgahawa sitalitaja, maana nimeambiwa si wao peke yao.

Lakini si bei iliyonifanya niandike. Nyuma ya menyu kuna "historia ya mahali hapa". Inaanza na Speke, yule mpelelezi Mwingereza, kufika 1862 na kuona mto ukitoka ziwani, halafu mstari unaofuata ni orodha ya mvinyo. Miaka mia moja na sitini imerukwa kama dimbwi. Nauliza: mwenzangu anayekwenda kula pale anajua anakalia nini? Na je, pesa ile ni halali?

Naomba kuwasilisha.

#2 KaloliMweusi

Uzi bila picha ni porojo. Picha tafadhali. Na sisi walinzi tusiolipwa tunapinga kudhalilishwa.

#3 Masese_Halisi

Mkuu, umepigwa. Laki mbili! Ungeshuka Masese, hapohapo ufuoni, ungepata ngege mkubwa kuliko huyo, wa kukaanga, na ugali au matooke, kwa chini ya nusu ya bei, na umemchagua mwenyewe angali anapumua. Wale wa vitambaa vyeupe wanatuma boda asubuhi kuja kununua kwetu. Samaki ni mmoja, ziwa ni moja. Umelipia kitambaa.

#4 Nyarkisumu

Masese_Halisi umesema kweli nusu. Mimi ni wa Kisumu, hizo ni karibu elfu nane za kwetu, na roho imeniuma. Lakini kisikieni kisa cha upande wa pili wa ziwa. Sisi tulikuwa na Lwang'ni, vibanda vya samaki kando ya maji, moshi, muziki, kila mgeni wa Kisumu alikula pale. Ilipofika zamu ya kukarabati bandari, vibanda vikabomolewa. Kwetu vibanda vya samaki viliondoka ili meli irudi. Kwenu meli imelala ndipo sahani zikaja. Sijui yupi kati yetu wa kumwonea mwenzake wivu.

Baba yangu mdogo alisafiri na Uhuru kama fundi. Mwambie mzee meli ile ilifufuliwa 2019, baada ya kukaa miaka mingi bila kazi. Atafurahi.

#5 MtotoWaGati

Nyarkisumu, nimempigia mzee sasa hivi. Ameuliza swali moja: "Minyororo wanafunga wangapi?" Kajibu wewe.

KaloliMweusi, simu yangu ilizima chaji nilipokuwa nalipa kwa pesa za simu. Mungu ananionea.

#6 Mhasibu_Kololo

Samahani lakini hizi hadithi za "tunakalia historia" zinanichosha. Mtu ana wiki ngumu, anataka upepo, bia baridi na mto Nile. Hadaiwi mtihani. Viwanda vya Jinja vilikufa kwa sababu Amin aliwafukuza Wahindi, basi, kila mtu anajua. Tushukuru kwamba kuna mtu ameleta mtaji akaweka meza mahali palipokuwa na vyuma chakavu. Ajira hizo.

Kuhusu kodi: mwenye biashara anatakiwa aonyeshe bei iliyo kamili. Hapo nakuunga mkono.

#7 Afande_Mstaafu

Mhasibu, kijana wangu, kaa nikuambie kidogo. Nimekaa kambi ya Jinja miaka mingi na baba mkwe wangu alifanya kazi Nytil ng'ambo ya Njeru, kwenye nguo.

Gati lilitangulia viwanda. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja kwenda Namasagali, na kazi yake ilikuwa pamba. Pamba inatoka ziwa Kyoga kwa meli, inapanda treni Namasagali, inashuka Jinja, inapanda meli nyingine kwenda Kisumu, inapanda treni tena mpaka Mombasa. Hesabu mara ngapi mzigo ule ulibebwa mabegani. Reli kubwa ilipovuka Nile na kufika Kampala 1931, watu walidhani gati limekwisha. Halikwisha.

Kisha bwawa la umeme hapo mtoni. Malkia Elizabeth alikuja mwenyewe kulifungua Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon, hayo ya Speke wa kwenye menyu, yakazama. Kwa hiyo unayeambiwa "tazama hapa ndipo Speke aliposimama akaona maporomoko", unatazama maji yaliyotulia. Umeme ule ndio ulioleta viwanda: nguo, bia, chuma, na kiwanda cha kuyeyusha shaba ya Kilembe iliyosafirishwa kwa treni kutoka Kasese, nchi nzima kukatisha, kwa sababu Jinja ndiko umeme ulikokuwa. Nakumbuka moshi wake.

Sasa kifo. Ndiyo, 1972 Wahindi walipewa siku 90. Viwanda na maduka vikagawiwa watu ambao wengine hawakujua hata swichi iko wapi. Hilo lilikuwa panga la kwanza. Panga la pili 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na meli na mabehewa yakagawanywa kama sufuria za mtalaka. Gati linaloishi kwa kwenda Kisumu na Mwanza, ukifunga Kisumu na Mwanza, linakula nini? Na 1982 migodi ya Kilembe nayo ikasimama, tanuri likapoa. Ukisema Amin peke yake umemrahisishia kazi kila aliyekuja baada yake.

Mtaji unaousifu, mwingine ni wa wajukuu wa haohao waliofukuzwa. Tembea Main Street utazame juu ya maduka, siyo kwenye vioo: majina na miaka imeandikwa kwa saruji. Hao walirudi miaka ya tisini.

#8 Mhasibu_Kololo

Afande, nimekusikia. Sikujua habari ya 1977. Lakini bado naitaka bia yangu.

#9 Afande_Mstaafu

Kunywa, mwanangu. Nani kakukataza.

#10 DadaWaTrei

Jamani mimi ni mhudumu, nafanya kazi ufuoni Jinja, mahali pengine siyo kwenu hapo (nadhani). Nimeingia kwa sababu ya ile trei. Kama ni mimi ningemwachia mzee trei mpaka jioni.

Mnaosema tunauza kitambaa, mnasahau mambo. Sangara mzuri hafiki mezani kwenu kwanza. Viwanda vya samaki vinachukua wakubwa, minofu inagandishwa inakwenda Ulaya. Bondo, lile pulizo la ndani, linauzwa peke yake kwa Wachina na lina thamani kuliko nyama yake. Kinachobaki ni kichwa na mgongo wazi, na hicho ndicho kinachokwenda Walukuba kukaangwa kwa mafuta meusi jioni. Kwa hiyo mgahawa ukitaka sangara, unashindana na ndege ya Entebbe. Tangu 2017 wanajeshi walipoingia ziwani kukamata nyavu ndogo na samaki wachanga, kuna siku mtumbwi unarudi na maji tu. Bei inapanda asubuhi, menyu yetu imechapishwa tangu mwaka jana.

Na kuchelewa: ngege mzima wa ukubwa ule anataka dakika arobaini kama unataka aive mpaka mfupani bila kuungua ngozi. Jikoni pale Jumamosi wako wawili. Anayewaambieni "dakika kumi, ssebo" anaogopa mtaondoka. Mimi pia husema. Nisameheni.

Kodi isiyoandikwa, hapo sina utetezi.

#11 Masese_Halisi

Dada umenena, ila hapo kwa "mafuta meusi" umetugusa. Mgongo wazi ukikaangwa vizuri, ukautia chumvi na pilipili, hakuna minofu inayousogelea. Nyama tamu iko mfupani. Wazungu wameachiwa pamba.

#12 MwanzaMawe

Sisi Mwanza twaita mapanki. Na nawahakikishia kwamba mtoto aliyelelewa kwa mapanki hawezi kulipia minofu akiwa mzima wa akili.

Mtoa mada, swali la kweli: mwezi ujao nakuja Kampala kwa basi kupitia Mutukula, nataka siku moja Jinja. Kiswahili kitanitosha? Na nisipande gari la kukodi, nifanyeje?

#13 MtotoWaGati

MwanzaMawe, karibu. Pale Kampala panda teksi za Jinja. Teksi kwetu ni ile mnayoiita daladala, usije ukamkodi mtu mzima. Ukifika stendi chukua boda umwambie akupeleke gatini. Kiswahili chako kitatosha. Walukuba na Masese watakujibu, ingawa watakucheka lafudhi maana unasema "naomba" kwa kila kitu. Mjini juu utajibiwa kwa Kisoga, Kiganda au Kiingereza, lakini utaeleweka.

Ushauri wangu, usianzie mezani. Shuka Main Street kwa miguu, tazama juu kama Afande alivyosema. Pita kando ya uwanja wa gofu, ambako kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, mpaka wachezaji wana sheria kwamba mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuusogeza bila adhabu. Ukifika ziwani, tafuta reli kwenye nyasi. Ukishaiona, kaa popote uagize chochote. Ukiwa na 15,000 nenda Masese, ukiwa na laki kaa kwenye kitambaa. Mtumbwi wa kukupeleka chanzo cha Nile ukubaliane bei kabla mguu haujaingia majini, na sanamu ya Gandhi iko upande huohuo. Majivu yake yalimwagwa pale 1948.

#14 Bibi_wa_Njeru

Wanangu, nimesoma yote. Mnasahau maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango ambacho hatukukiona tangu 1964. Mimi 1964 nilikuwa msichana, nakumbuka mama akitoa kuku darini. Mwaka huo wa 2020 migahawa ya ufuoni ilikuwa na viti vinavyoelea. Meza zile mnazolipia zimejengwa upya juu ya kifusi. Ziwa halijali kama hapo pana behewa au sahani, likitaka mahali pake linachukua.

MtotoWaGati, baba yako ni yule mrefu aliyekuwa akipiga filimbi kwa vidole viwili? Usijibu hapa hadharani.

#15 MtotoWaGati

Bibi, sijibu, lakini nimecheka peke yangu ofisini mpaka wamenitazama.

#16 KaloliMweusi

Kuna mtu ana mambo ya 1967 hapa na anayaficha. Siku ya kumi na sita, bado hakuna picha.

#17 Mhasibu_Kololo

Nimerudi kukiri. Jana nilikuwa na wageni Port Bell, Luzira, tukala samaki kando ya maji. Nikajikuta naangalia chini kama mwehu. Reli zipo, jamani, zinaingia mpaka gatini! Nikawaambia wageni kwamba mahali pale pamepewa jina la gavana Hesketh Bell, na kwamba bia tuliyokuwa tukinywa imebeba jina hilohilo, kiwanda kiko hapo nyuma tangu 1946. Kisha nikawaeleza Kabalega, meli ya mabehewa iliyozama 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa ziwani. Mgeni mmoja akaniuliza, ziligonganaje wakati ziwa lote lile liko wazi? Nikakosa la kusema.

Afande umeniharibia wikendi.

#18 Nyarkisumu

Hilo swali hata sisi tuliuliza.

Mtoa mada, nimempata baba mdogo. Anasema idadi ya minyororo inategemea behewa, tupu au lenye mzigo, na anayeuliza swali hilo lazima ni mtu wa Jinja, kwa sababu watu wa Jinja walikuwa wakifunga mno mpaka Kisumu wanatukana wakati wa kufungua.

#19 MtotoWaGati

Nimemsomea mzee neno kwa neno. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakuna behewa langu lililowahi kulegea." Akarudia tena usiku wakati wa kula, bila kuulizwa.

Anataka turudi. Nimemwambia tutakwenda Masese kwa mgongo wazi, amekataa, anataka palepale penye kitambaa, meza ya pembeni karibu na njia namba mbili. Safari hii nitamnunulia kuku wa Namawojjolo njiani, nimejifunza. Dada wa trei, siku gani pana nafuu?

#20 DadaWaTrei

Msije Jumamosi wala Jumapili, kuna harusi na kupiga picha, mtangoja mpaka magharibi. Alhamisi mchana jikoni kuna utulivu. Pigeni simu asubuhi mseme ngege watatu, wakaangwe mkiwa bado Mabira. Na muulize bei yenye kodi kwenye simu hiyohiyo. Ila zile meza za pembeni hazina kivuli saa nane, jua linapiga moja kwa moja.

#21 MtotoWaGati

Alhamisi basi. Kivuli anasema si shida, atakuja na kofia yake ya kazini. Mama ameiosha leo, iko kwenye kamba.